Walioandikishwa na Waliomaliza: Historia ya Wanafunzi wa Kozi Huria

Kozi huria za mtandaoni ni masomo yanayotolewa kupitia intaneti kwa yeyote anayetaka kujiandikisha, bila sharti la cheti cha awali, bila kikomo cha idadi ya wanafunzi na, angalau mwanzoni, bila ada. Zilipata jina mwaka 2008, zikavuma mwaka 2012, na kufikia mwaka 2021 waliojiandikisha duniani, China ikiachwa kando, walikadiriwa kuwa milioni 220. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kupitia vyuo na kampuni zilizozianzisha. Ikisimuliwa kwa upande wa wanafunzi inakuwa ndefu zaidi, kwa kuwa mtu anayesoma mbali na mwalimu wake alikuwapo zaidi ya karne moja kabla ya kompyuta, na kilichomfanya amalize au aachie njiani hakijabadilika sana.

Mwaka 1840 serikali ya Uingereza ilishusha gharama ya kutuma barua hadi peni moja kwa nchi nzima. Mwaka huohuo Isaac Pitman, mwalimu wa mji wa Bath, alianza kufundisha hatimkato kwa posta: mwanafunzi alinakili kifungu kwa alama alizojifunza, akakituma, na kikamrudia kikiwa kimesahihishwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wasiosoma chuoni hapo kufanya mitihani yake, na kwa muda wa karne moja shahada hiyo ya nje ikawa tegemeo la watu wengi wa makoloni ambao hawakuwa na chuo karibu. Nelson Mandela alisomea shahada ya sheria ya London akiwa kifungoni Robben Island, ingawa shahada yenyewe aliimalizia kwa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989. Ruhusa ya kusoma kisiwani humo ilikuwa ni hisani ya wakubwa wa gereza na iliweza kuondolewa wakati wowote. Wafungwa waliisukuma elimu mbele kwa kufundishana wao kwa wao, hata machimboni walikopelekwa kuvunja chokaa.

Katika Afrika Mashariki elimu kwa posta ilishika kasi baada ya uhuru. Moshi, kituo cha elimu ya ushirika kilichoanzishwa mwaka 1964 kilituma masomo kwa wanachama na watendaji wa vyama vya ushirika, kikiyaunganisha na vipindi vya redio na vikundi vya kujisomea. Nairobi, Chuo Kikuu kilianzisha kitengo cha masomo ya posta mwaka 1967, hasa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja bila kuacha kazi. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, masomo yalikuja ndani ya bahasha kupitia sanduku la posta ambalo mara nyingi lilikuwa la shule, la misheni au la mwajiri. Alisoma usiku kwa taa ya mafuta, akajibu maswali ya mwisho wa somo, akabandika stempu, akasubiri. Karatasi iliporudi na wino mwekundu, huenda somo lenyewe lilikuwa limeshamtoka kichwani. Wengi waliishia somo la tatu au la nne, na ada waliyokwisha kulipa haikurudi.

Tanzania ilijaribu njia nyingine, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyokaribia zaidi kile ambacho miaka arobaini baadaye kingeitwa uvumbuzi wa Marekani. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati huo watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma wala kuandika, magazeti hayakufika vijijini, na walimu hawakutosha hata kwa watoto. Redio ilifika. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilibuni kampeni za vikundi vya kusikiliza redio. Ya kwanza, Kupanga ni Kuchagua, ilikuja mwaka 1969 kueleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano. Wakati wa Furaha ilifuata mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru. Hizo zilikuwa za kupimia maji. Kampeni iliyotikisa nchi ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973.

Mtu ni Afya ilidumu wiki 12 na ilifundisha namna ya kujikinga na malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Walioshiriki walikadiriwa kuwa milioni mbili, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao milioni 12. Ili kuwahudumia, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kwa ngazi: timu ya taifa iliwafundisha watu wa mikoa na wilaya, nao wakashuka hadi kwa kiongozi wa kikundi kijijini. Kiongozi huyo hakuwa mtaalamu wa afya. Alikuwa mwalimu, karani wa ushirika, katibu wa tawi la chama cha TANU, au mtu yeyote aliyejua kusoma vizuri na kuheshimiwa na majirani zake.

Mkutano wa kikundi ulikuwa na mpangilio wake. Watu walikusanyika shuleni, ofisini au chini ya mti, redio ikafunguliwa, na kipindi cha dakika kama ishirini kikasikilizwa kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Kisha kiongozi, au yeyote aliyekwisha kujua kusoma, alisoma kwa sauti sura ya wiki hiyo katika kitabu kilichochapwa kwa herufi kubwa na Kiswahili chepesi. Penye betri zilizokwisha au mawimbi mabovu, kitabu kilishika nafasi ya redio. Baada ya hapo yalifuata mazungumzo: ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unatoka wapi? Tufanye nini? Swali la mwisho ndilo lililoitofautisha kozi hii na nyingine nyingi, kwa kuwa kikundi hakikutakiwa kujibu kwa maandishi. Kilitakiwa kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani kuzunguka nyumba na kuchemsha maji ya kunywa. Vyoo vilivyochimbwa au kukarabatiwa katika miezi hiyo vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Si kila aliyehudhuria alivutwa na kiu ya elimu. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, balozi wa nyumba kumi alijua nani hakuja, na choo kilichokosekana kilionekana na kila apitaye. Lakini hilo lenyewe linafundisha jambo kuhusu masomo ya halaiki: mwanafunzi wa Mtu ni Afya hakuweza kutoweka kimyakimya. Akikosa wiki mbili, kulikuwa na mtu wa kumuuliza. Kampeni ya Chakula ni Uhai mwaka 1975 ilifuata muundo uleule.

Muundo huo ulijaribiwa kwa namna nyingine pale Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka watoto wote wawe shuleni ifikapo mwishoni mwa mwaka 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu waliohitajika kwa muda huo. Wizara ya elimu iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapanga katika shule za vijiji, na kuwafundisha ualimu hukohuko kwa vitabu vya posta, vipindi vya redio na mafunzo ya ana kwa ana chini ya mratibu wa karibu. Mwisho wa yote walipelekwa chuoni kwa wiki chache. Hao ndio waliokuja kuitwa walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo mara nyingi lilitamkwa kwa dharau. Juu ya ubora wao watu walibishana kwa miaka mingi, na wengine walikuwa na hoja. Juu ya kumaliza kwao hakuna ubishi: kati ya zaidi ya 45,000 walioandikishwa katika mikupuo mitatu, zaidi ya 35,000 walifuzu. Waliingia darasani kufundisha kila asubuhi, mratibu aliwajua kwa majina, na ajira ya serikali iliwasubiri mwishoni.

Nchini Uingereza, Chuo Kikuu Huria kilipata hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha Januari 1971 kwa wanafunzi wapatao 24,000, kikitumia posta, vipindi vya BBC na wakufunzi waliokutana na wanafunzi karibu na makazi yao. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa Songea tarehe 19 Januari 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wake wa kwanza. Kilifungua vituo mikoani na kuwaruhusu wanafunzi, wengi wao watu wazima wenye kazi na familia, kwenda kwa mwendo wao.

Intaneti ilipokuja, ilileta kwanza vitabu na maandishi, walimu wakaja baadaye. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka mihadhara na mazoezi yake mtandaoni bure, kila mtu ajichukulie. Aliyeyafungua hakuwa na mwenzake wala tarehe ya mtihani. Kozi ya kwanza iliyoitwa MOOC, kifupi cha Kiingereza cha kozi huria ya mtandaoni, ilikuwa tofauti. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha kwa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, kozi juu ya namna maarifa yanavyojengwa katika mitandao. Wanafunzi 25 walilipa ada. Wengine zaidi ya 2,200 waliingia bure. Aliyetoa jina ni Dave Cormier, Mkanada mwenzao. Hapakuwa na kitabu kimoja wala mahali pamoja: washiriki waliandika katika kurasa zao, wakasomana, wakabishana. Wazoefu walifurahia uhuru huo, na wageni wengi walipotea wasijue pa kuanzia.

Kilichoishtua dunia kilitokea Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2011. Sebastian Thrun na Peter Norvig walitangaza kwamba kozi yao ya utangulizi wa akili mnemba itakuwa wazi kwa wote. Ilipoanza Oktoba, waliojiandikisha walikuwa wapatao 160,000 kutoka nchi 190 hivi, na watu wa kujitolea wakaifasiri kwa lugha zaidi ya arobaini. Video zilikuwa fupi, za dakika chache, na zilionyesha mkono ukiandika kwa kalamu juu ya karatasi kana kwamba mwalimu ameketi ubavuni mwa mwanafunzi. Kila baada ya muda mfupi video ilisimama na swali likatokea. Bila kulijibu au kuliruka, hakuna kusonga mbele. Mazoezi yalikuwa na tarehe ya mwisho kila wiki. Wanafunzi 200 hivi wa Stanford waliokuwa na haki ya kukaa ukumbini na walimu hao walianza kubaki vyumbani mwao wakitazama video, hadi ukumbini wakabaki kama 30. Mwisho wa muhula watu wapatao 23,000 walimaliza. Waliopata alama zote bila kukosa hata moja walikuwa 248, na miongoni mwao hapakuwa na hata mmoja wa waliosoma chuoni hapo.

Takwimu hizo ziliwalevya wengi. Januari 2012 Thrun alitangaza kampuni ya Udacity. Aprili mwaka huo Andrew Ng na Daphne Koller, nao wa Stanford, wakafungua Coursera. Mei, MIT na Harvard wakaungana katika jukwaa la edX. Gazeti la New York Times liliuita 2012 mwaka wa MOOC. Ilisemwa kwamba vyuo vingi vitakufa, na kwamba mtoto wa kijijini Afrika au Asia atasoma sawa na mtoto wa tajiri wa Boston.

Ushahidi uliotajwa zaidi ulitoka Mongolia. Kozi ya kwanza ya MIT, ya saketi na elektroniki, ilianza Machi 2012 na watu wapatao 155,000, na wenye alama kamili walikuwa 340. Mmoja wao alikuwa Battushig Myanganbayar, kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, ambaye baadaye MIT ilimpokea kuwa mwanafunzi wake. Habari yake ilisimuliwa kama ushindi wa intaneti. Ukiiangalia kwa karibu, ina watu wengi ndani yake. Mkuu wa shule yake, Enkhmunkh Zurgaanjin, alikuwa Mmongolia wa kwanza kuhitimu MIT, na ndiye aliyeamua kwamba kozi hiyo isomwe shuleni na wanafunzi kama ishirini kwa pamoja. Mtafiti wa Stanford, Tony Kim, alisafiri hadi huko akiwa na vifaa vya maabara ili wanafunzi washike waya na vipingamizi kwa mikono yao badala ya kuviona kwenye kioo tu. Battushig mwenyewe alirekodi video za Kimongolia kuwaeleza wenzake mazoezi magumu. Kipaji alikuwa nacho, bila shaka. Lakini alikisomea ndani ya kikundi chenye kiongozi, chenye vifaa na chenye lugha yake.

Wengine wengi walikuwa peke yao. Katika kozi hiyohiyo ya saketi, waliopata cheti walikuwa 7,157, yaani chini ya watano kwa kila mia. Januari 2014 watafiti wa Harvard na MIT walitoa ripoti ya kozi zao 17 za kwanza: waliojiandikisha mara 841,687, vyeti 43,196. Zaidi ya theluthi moja ya waliojiandikisha, 292,852, hawakufungua hata sura moja ya masomo. Magazeti yaliyokuwa yamesifu kupita kiasi yaligeuka na kulaumu kupita kiasi.

Mdondoko huo haukuwa na maana moja. Mwaka 2013 watafiti wa Stanford, wakifuatilia nyayo za wanafunzi ndani ya kozi tatu, waliwagawa katika makundi manne: wanaofanya kazi zote hadi mwisho, wanaotazama video zote lakini hawajisumbui na mazoezi, wanaoanza vizuri kisha wakapoa, na wanaochungulia tu na kuondoka. Mhandisi aliyeingia kutafuta somo moja alilohitaji kazini, akalipata na kufunga kompyuta, amehesabiwa kuwa ameshindwa ilhali amepata alichofuata. Walipoulizwa nia zao, katika kozi tisa za Harvard, waliosema tangu mwanzo kwamba wanataka kumaliza walimaliza kwa asilimia 22. Waliosema wanachungulia, asilimia 6. Basi hesabu ya jumla iliwaonea wanafunzi kiasi fulani. Hata hivyo, asilimia 22 ya watu waliodhamiria si ya kujivunia. Karibu wanane kati ya kila kumi walitaka, wakaanza, wakaachia njiani.

Sababu walizotoa zilifanana kila mahali: kazi iliongezeka, mtoto aliumwa, wiki moja ilipita bila kufungua somo, kisha ya pili, na kurudi kukawa kugumu. Wengine walikwama kwenye zoezi moja na hawakupata wa kuwakwamua. Majukwaa ya majadiliano yalikuwapo, lakini katika kozi yenye watu laki moja swali lilifunikwa na mengine mamia kabla halijajibiwa. Katika kozi za fasihi na historia, ambazo kompyuta haikuweza kuzisahihisha, Coursera iliwaachia wanafunzi wasahihishane. Mtu aliyekesha akiandika insha alipokea alama bila maelezo, au sentensi moja kutoka kwa asiyemjua, pengine asiyeijua vizuri lugha ya insha yenyewe. Agosti 2012 malalamiko ya insha zilizonakiliwa kutoka mtandaoni yalikuwa mengi kiasi kwamba kampuni ilianza kuwakumbusha wanafunzi kiapo cha uaminifu kabla ya kutuma kazi. Wengi walishangaa: nani aibe katika kozi isiyotoa hata alama za shahada?

Walimu wengine waliona tatizo la upweke na kujaribu kulitibu. Mwanzoni mwa 2013, kozi moja ya Coursera juu ya namna ya kupanga masomo ya mtandaoni iliwataka wanafunzi wake, zaidi ya 41,000, wajigawe katika vikundi kwa kuandika majina kwenye jedwali la Google. Jedwali liliruhusu watu wachache tu kuandika kwa wakati mmoja. Lilianguka siku ya kwanza, majina yakafutwa na kuandikwa upya, na kabla ya wiki kwisha kozi ikasimamishwa. Tanzania ya 1973 iliwagawa watu milioni mbili katika vikundi bila simu vijijini, kwa kuwa haikutumia orodha moja ya taifa. Ilitumia ujirani uliokuwapo tayari.

Kipimo kikali zaidi kilifanyika California mwaka huohuo wa 2013. Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose kilikubaliana na Udacity kufundisha kozi tatu za hisabati na takwimu kwa dola 150 kila moja, na miongoni mwa waliosoma walikuwamo waliokwisha kufeli hisabati na wengine wa sekondari. Baadhi yao hawakuwa na kompyuta ya kuaminika nyumbani. Katika hisabati ya msingi, waliofaulu hawakufika hata theluthi moja. Mpango ulisitishwa Julai 2013, na kufikia Novemba Thrun mwenyewe alikuwa akikiri hadharani kwamba bidhaa yake haikuwa nzuri na kuielekeza kampuni kwenye mafunzo ya wafanyakazi. Wanafunzi aliosema anataka kuwasaidia ndio waliothibitisha kwamba video nzuri haitoshi.

Basi ni nani waliofaidika? Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwauliza karibu wanafunzi 35,000 wa kozi zake mwaka 2013, na zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa na shahada au stashahada tayari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata ndani ya Marekani, kijana wa mtaa wa watu wenye uwezo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujiandikisha, na kubwa zaidi ya kumaliza. Aliyekuwa nacho aliongezewa. Katika nchi zisizo tajiri pengo lilikuwa wazi zaidi. Kozi nyingi ni za Kiingereza; video hula bando; mifano ya masomo ya biashara huzungumzia mikopo ya nyumba na soko la hisa la New York. Mtu wa Mwanza au Bukavu anayesomea kwenye simu hupakua video usiku bando linapokuwa rahisi, huzitazama kituoni akisubiri daladala, na hulazimika kusubiri hadi apate kompyuta ya ofisi ili ajibu mazoezi yasiyokubali simu.

Mwaka 2017 watafiti wa Stanford na wenzao walidai kwamba sehemu ya pengo ipo moyoni: mwanafunzi wa nchi maskini huingia akiogopa kuonekana hafai. Walipompa dakika chache za kuandika juu ya mambo anayoyathamini maishani, katika kozi mbili pengo lilipungua sana. Tiba rahisi hivyo ilipendwa na kila mtu. Ilipojaribiwa tena kwa wanafunzi zaidi ya robo milioni katika kozi karibu 250, na matokeo kuchapishwa mwaka 2020, nguvu yake kubwa haikuonekana tena.

Njia iliyodumu zaidi ilikuwa ya kuchanganya. Mwaka 2013 mpango wa Kepler ulifungua milango Kigali kwa wanafunzi 50, ukitumia masomo ya mtandaoni kutoka vyuo vya nje, lakini wanafunzi wakikaa darasani pamoja na mkufunzi anayewafafanulia, kuwauliza na kuwafuatilia. Ulishirikiana na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire ili watoke na shahada, na mwaka 2015 ukaanza katika kambi ya wakimbizi ya Kiziba, magharibi mwa Rwanda, inayokaliwa na Wakongomani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo ilianza mwaka 2013 kukusanya wanafunzi katika maktaba na vituo vya balozi zake sehemu nyingi za dunia, wasome kozi moja pamoja chini ya mwongozaji. Gharama ya mipango hii ni kubwa kuliko ya kuweka video mtandaoni, na ndiyo sababu haikuenea kwa kasi ya video.

Majukwaa yenyewe yalichukua njia nyingine: yalianza kutoza. edX iliacha cheti cha bure mwishoni mwa 2015, na mwaka 2016 Coursera ikaanza kufungia mazoezi ya alama nyuma ya malipo katika kozi zake nyingi. Malipo yalifanya kazi ambayo kikundi kilifanya zamani, walau kwa wenye uwezo. Katika kozi za Harvard na MIT za mwaka 2017 hadi 2018, wanafunzi waliolipia cheti walimaliza kwa asilimia 46, ilhali kwa washiriki wote waliomaliza walikuwa asilimia 3 tu, chini kuliko miaka ya mwanzo. Wengi wa walioingia hawakuonekana tena baada ya mwaka wao wa kwanza.

Shule na ofisi zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19 mwaka 2020, mamilioni walirudi au waliingia kwa mara ya kwanza, na kwa miezi kadhaa ilionekana kana kwamba 2012 imerejea. Coursera iliingia soko la hisa la New York Machi 2021. Mwaka huohuo Harvard na MIT ziliiuza edX kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Julai 2024, 2U iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake chini ya sheria ya ufilisi.